Kichwa cha Kambale wa Kwanza

Wiki iliyopita vijana walinichimbia kisima nyuma ya nyumba yangu, hapa Kikula, mtaa wa Likasi. Nimechoka kungoja maji ya mtu. Walipofika chini sana ndoo ikaanza kupanda na tope la kijivu, laini, lenye harufu ya majani yaliyooza na ya kitu kingine ambacho sikukipatia jina mara moja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nawasimamia, maana kijana asiyesimamiwa anachimba huku anaangalia simu. Nikasimama. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya ile ndoo. Wakanitazama kama mwanamke ambaye akili imeanza kumtoka. Mmoja akaniuliza, "Nkambo," yaani bibi, "unatafuta nini mule?" Nikamwambia natafuta kambale. Wakacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Wa umri wangu mnaijua harufu ile. Ni ya kidimbwi kilichomwagwa maji mpaka chini, kikabaki tope na samaki. Mimi ilinirudisha kwenye kiangazi kimoja tu, nikiwa na miaka tisa hivi, kiangazi ambacho nilimkana mama yangu mbele ya watu. Nimeuza samaki maisha yangu yote, na hapa Likasi anayetaka kambale wa moshi wa kweli anajua mlango wa kugonga. Lakini habari ya yule kambale wa kwanza sijawahi kuiuza wala kuitoa bure. Shule niliacha darasa la tatu. Haya nayaandika kwa mkono wangu. Makosa ni yangu, na nyumba ninayoandikia ni yangu pia.

Kwanza niwaambie jambo ambalo mimi wakati ule sikuambiwa, msije mkahangaika nalo kama nilivyohangaika. Mama alikuwa na mimba changa. Baada ya kunizaa mimi alikuwa amebeba nyingine mbili. Zote mbili zilitoka kabla ya kuonekana vizuri, na zote mbili zilitoka mara tu watu walipoambiwa. Kwa hiyo hii ya tatu aliapa kwamba hakuna atakayeisikia mpaka tumbo liseme lenyewe. Baba alijua, basi. Wakwe hawakuambiwa, majirani hawakuambiwa, na mimi ndiyo kabisa.

Kila kiangazi baba alitutuma kwa mama yake, kijijini kando ya mto Lufira, upande wa Kapolowe. Yeye alibaki na kazi yake ya usine, kiwandani. Mwaka ule mama angeweza kusema anaumwa, asiende. Lakini mke wa mtu ambaye haendi kuvua na wakwe zake ndiye anayechunguzwa zaidi. Akafunga mzigo wake, tukapanda lori la mahindi, yeye mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya magunia, nauliza maswali kwa kila mtu aliyekuwa na sikio.

Nkambo, mama wa baba, alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye vidole vya miguu vilivyoachana kama vya bata. Alisema ni matope yamevitenganisha. Niliamini, na kila jioni nikawa naangalia vya kwangu kama vimeanza. Mama alikuwa mwingine kabisa. Alizaliwa mjini, binti wa fundi, anapiga pasi mpaka vitambaa vya kufunga kichwa. Dada wa baba, Shangazi Numbi, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alimwita "mama ya ville", mama wa mjini, tangu siku ya harusi, na jina likakaa.

Mimi kilichonisumbua ni kambale. Pale nyuma ya kijiji kulikuwa na vidimbwi vinavyoachwa na mto unapopungua. Mwaka mmoja kimoja kilikauka kabisa, ardhi ikapasuka. Mwaka uliofuata kilikuwa na kambale wakubwa kama mapaja ya watu wazima. Wametoka wapi?

"Nkambo, ule samaki anafika namna gani mule?"

"Anatembea."

"Na miguu gani?"

"Na tumbo. Mvua ikinyesha, majani ikilowana, anatoka uku anaenda kule, sawa muntu mwenye anaenda kusalimia ndugu yake."

Siku nzima nilikaa kwenye njia kati ya mto na kidimbwi kumngoja kambale apite. Nilikuwa nimebeba kipande cha bukari, ugali wetu, nimpe. Neno la mvua nililisikia nikaliacha, na kile kilikuwa kiangazi. Jioni nikala bukari yangu mwenyewe, nimekasirika, lakini sikuacha kuamini. Na sikukosea: baadaye, ukubwani, nimemwona kwa macho yangu anavuka barabara ya lami.

Kuvua kwa wanawake wa kule hakutaki ndoano wala wavu. Wanachagua kidimbwi, wanajenga tuta la udongo na majani kukikata vipande viwili, halafu wanasimama mstari mmoja na mabeseni na kuanza kumwaga maji upande wa pili. Asubuhi mpaka jua linapokuwa kichwani. Migongo inakatika, nyimbo zinaimbwa, nyingine si za watoto. Maji yanapobaki ya magoti, mabeseni yanawekwa, miguu inaanza kazi. Hakuna jicho linaloona kitu ndani ya maji yale. Mguu ndio unaona. Wanaume hawasogei. Mwanaume akionekana karibu anarushiwa tope.

Na kuna sheria moja. Kabla ya mtu yeyote kuingia, mkubwa wa wote anasimama ukingoni na kuita. Siku ile mkubwa alikuwa Nkambo.

"Mwenye haiko peke yake, abakie pa kavu!"

Nilidhani anamaanisha waliokuja na watoto wao. Nikashangaa, maana karibu wote walikuja na watoto na wote wakaingia. Kumbe maana yake ni mwenye mimba. Mwenye mimba akiingia, wanasema, samaki wanajizika chini na hakuna mguu utakaowapata. Watu wamefanya kazi asubuhi nzima kwa bure. Haulizwi, hatajwi, anabaki tu. Lakini anayebaki wote wanamhesabia miezi. Ndiyo maana mwenye akili anatafuta kisingizio, maana mwenye kidonda pia haruhusiwi kuingia.

Mama alikaa kwenye nyasi, akavuta kitenge mpaka kwenye vidole.

"Mie niko na kidonda ku muguu," akasema. "Nilijikata ku kamyo wakati tulikuya."

Basi. Ingeishia hapo. Lakini mimi asubuhi ile ile ndiye niliyemwagia mama maji ya kunawa miguu, na mimi mtoto wa kuangalia vitu.

"Apana, mama!" nikapaza sauti toka upande wa pili wa kidimbwi, nikiwa na furaha ya mtu anayeleta habari njema. "Muguu yako ni nzima! Asubui nilikunawisha, yote mbili, hakuna kidonda!"

Walicheka mpaka beseni moja likaponyoka na kuelea. Shangazi Numbi akashika kiuno.

"Ee! Mama ya ville, umepona mbele ya kupata dawa! Sema tu unaogopa matope. Matope haiume, weee, sisi wote tulitoka mule."

Mama alinitazama. Mpaka leo ninaweza kuchora macho yale. Nilidhani ni aibu ya mtu aliyekamatwa na uongo wake, na uongo wenyewe nikaupatia sababu: mama anaona uchafu wa watu wa baba. Mtoto akipata sababu haitafuti nyingine.

Nkambo hakucheka. Alimwangalia mama kwa muda, halafu akaangalia maji.

"Kinywa ya batoto na muguu ya bakubwa, kila moja na kazi yake," akasema. "Tuingie. Juwa haitungoje."

"Mie nitaingia pa fasi yake," nikasema. Nilitaka kuifuta ile aibu. Mtoto wa miaka tisa anafikiri aibu ya mama ni sahani, anaweza kuiosha.

Nkambo akanishika mkono, tukaingia pamoja. Lile tope! Linashika mguu kama mdomo usio na meno. Akanielekeza kwa sauti ya chini, kana kwamba samaki wanasikia.

"Usikanyage sana. Gusa. Ukisikia kintu ya kuteleza yenye kukimbia, acha, ule ni mudogo. Mukubwa haikimbie. Mukubwa anakaa sawa gogo, anasema: huyu ataniona muti."

Tulitembea kando ya ukingo, pale mizizi inaponing'inia ndani ya maji. Wanawake wengine tayari walikuwa wanarusha kambale wadogo kwenye nyasi, kila anayerusha anapiga kelele. Mimi nikakanyaga gogo. Nikataka kuliruka. Halafu nikajiuliza, gogo gani hili lenye ngozi? Nikarudisha kidole kimoja cha mguu, polepole, nikalipapasa. Lilikuwa laini kama ndani ya shavu. Likapumua.

"Nkambo," nikanong'ona. "Gogo inapumua."

Akaleta mguu wake, akapapasa na vile vidole vya bata, akafika mwisho mmoja, akafika wa pili. Nikamwona anameza mate.

"Ni wako," akasema. "Mie sitamugusa. Sikia muzuri. Usimushike mugongo, atakutoka. Usimushike pembeni ya kichwa, kule iko na miiba mbili, itakupasua mukono. Inama. Pitisha mukono chini ya kidevu. Akifungua kinywa, ingiza kidole ya gumba, kamata taya, musukume ku udongo. Asikusukume yeye. Kama anakusukuma, acha."

"Ataniuma?"

"Atakukwaruza. Haina meno ya mbwa, iko na meno ya tupa."

Nikainama mpaka maji yakafika kidevuni kwangu. Kwanza nilikutana na ndevu. Zilinigusa mkono zenyewe, moja baada ya nyingine, kama vidole vya kipofu vinavyotaka kujua wewe ni nani. Wala sikuogopa. Nilijisikia kwamba yeye pia anauliza maswali. Nikafuata ndevu mpaka kwenye kidevu. Kichwa kilikuwa bapa na kigumu kama koleo, kipana kuliko kifua changu. Akafungua kinywa. Nikaingiza gumba.

Yaliyofuata siwezi kuyaandika kwa mpangilio kwa sababu hayakuwa na mpangilio. Nilikuwa chini, nilikuwa juu, tope lilikuwa ndani ya pua. Mkono ulikuwa unakwaruzwa kama nazi kwenye mbuzi. Nilimsikia Nkambo anasema, "Sukuma! Ku udongo! Sukuma!" na kumsikia mama, toka kwenye nyasi, anaita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Alikuwa amesimama. Alikuja mpaka pale maji yanapoanzia, akasimama hapo, nguo ameshika mikononi, na hakuingia. Hata mguu mmoja hakuuingiza. Hilo nililiona vizuri, katikati ya tope lote lile, nikaliweka moyoni.

Nilimgandamiza ukutani mwa ukingo, na kifua, na magoti, na hasira. Akachoka kabla yangu. Shangazi Numbi na mwanamke mwingine wakaleta mgono, mtego wa matete, wakampitishia chini, tukamtoa. Nilipomsimamisha kando yangu alinifikia kifuani. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kule kijijini wanaume wakajua kuna kitu.

Mkono ulikuwa unatoka damu na mimi sikujali. Nilipiga magoti kumchunguza. Macho yake madogo kama mbegu za mpapai, yaliyowekwa mbali, kila moja upande wake. Yanaona nini kule kwenye giza la tope? Nikahesabu ndevu: nane. Nikafungua kinywa, nikapitisha kidole kwenye ile tupa, mbele na nyuma. Tumbo lilikuwa jeupe, mgongo una madoa kama ukuta wenye ukungu. Na alikuwa anapumua. Amekaa kwenye nyasi, jua linawaka, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, muda wote tuliokusanya wengine. Tulipofika nyumbani alikuwa bado anapumua. Nikamuuliza kila mtu pumzi ile anaiweka wapi. Shangazi Numbi akaniambia, "Muulize yeye, kinywa yenu ni moja."

Sasa ile desturi. Mtoto akikamata kambale mkubwa wake wa kwanza, kichwa ni cha mama yake. Kinapikwa peke yake, kinawekwa mbele ya mama, wote wanaangalia. Mama anakula, anatema mfupa mmoja ndani ya moto, anataja jina la mtoto. Hapo mkono wa mtoto umefunguliwa. Atavua maisha yake yote. Mama asipokula, mkono umefungwa. Hakuna kesho, hakuna mara ya pili.

Na kuna desturi nyingine ambayo mimi sikuijua na mama aliijua sana, maana mjini pia ipo. Mwenye mimba hali kambale. Samaki huyu hana gamba, anateleza. Anayemla, mimba inateleza vilevile. Daktari wa leo atacheka. Acheke. Aliyepoteza mbili hafanyi majaribio na ya tatu.

Jua lilikuwa linashuka, bado mwanga ni mwingi. Tulikaa tumezunguka mafiga, bukari katikati, sahani ya bati yenye kichwa mbele ya mama. Kilijaa sahani, ndevu zinaning'inia nje. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kabisa, mkono umefungwa kitambaa, nimejaa kiburi mpaka kwenye masikio.

Mama akachukua bukari, akachovya kwenye mboga ya lengalenga.

"Kamata kichwa, mama," nikasema.

"Nimeshiba kidogo," akasema. "Tumbo haiko muzuri leo."

Shangazi Numbi akaweka tonge lake chini.

"Asubui muguu, mangaribi tumbo," akasema. "Kesho itakuwa nini, nywele? Mutoto ametoa damu juu ya kile kichwa. Ao kichwa ya kijijini haingie mu kinywa ya dame?"

"Numbi," Nkambo akasema.

"Apana, mama, niache niseme. Kama hatupendi sisi, atuambie. Lakini mutoto ni wake."

Nikaanza kulia. Sikutaka, lakini yalitoka. Mama akaniangalia, akaangalia sahani. Akanyoosha mkono. Akavunja kipande cha shavu, pale nyama ni nyeupe, akakipeleka mdomoni. Alikishika na ncha za vidole tu, mchuzi ukamdondokea kwenye nguo. Nikasema moyoni: anaona kinyaa. Kitu nilichokamata mimi kinamtia kinyaa mpaka hataki kukishika.

Nkambo akainuka. Ile nafasi kati yao aliivuka haraka kuliko umri wake. Akamkamata mama kifundo cha mkono, akatoa kile kipande kwenye vidole vyake kama unavyomnyang'anya mtoto sabuni, akachukua na sahani nzima.

"Leta hapa," akasema. "Bantu ba ku ville meno yao ni ya mukate. Batanipotezea kichwa ya muzuri."

Akakaa, akala. Hakuharakisha. Alivunja taya, akanyonya mashavu, akanyonya ubongo kwenye lile koleo la mfupa, sisi wote tunamwangalia. Akatema mfupa ndani ya moto. Akataja jina langu, la kanisani na la ukoo, lote.

Shangazi Numbi akapiga makofi. "Basi, imekwisha! Wee mutoto, sasa mama yako njo Nkambo. Mama ya ville alikuacha pa sahani!"

Ulikuwa utani. Watu wote walicheka, hata wajinga walijua ni utani. Mimi sikujua. Mimi niliona mambo yamefanyika mbele ya moto na mbele ya watu, kwa jina langu zima kama siku ya ubatizo: mama amekataa, Nkambo amekula, nimehama. Mama akainamisha kichwa, machozi yanashuka. Akaanza kukusanya sahani. Nikasema moyoni, ameridhika.

Siku nne baadaye lori likaja. Mama alipanda mbele, akanyoosha mkono nje ya mlango.

"Kuya, mama," akaniambia. Aliniita mama, kama tunavyowaita binti zetu tunapowapenda.

"Mie sipande."

"Namna gani haupande?"

"Mie nabakia na mama yangu," nikasema, nikamwonyesha Nkambo na kidole. "Mama yangu ni ule mwenye alikula kichwa."

Pale palikuwa na Shangazi, dereva, wanawake wenye makapu, nusu ya kijiji. Neno moja la mama lingenipandisha juu ya lile lori. Neno lenyewe lilikuwa ndani ya tumbo lake na hakulitoa. Akauangalia ule umati. Akamtazama Nkambo, na Nkambo akamtikisia kichwa kidogo sana.

"Acha abakie," Nkambo akasema. "Enda taratibu. Mwambie dereva achunge mashimo."

Nilishangaa Nkambo anajali mashimo ya barabara kuliko mtoto aliyekataliwa. Lori likaondoka. Vumbi lilipotulia nikamuuliza, "Nkambo, juu ya nini ulikula kile kichwa?"

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Nilikaa kule. Shule ikafunguliwa mjini bila mimi. Mvua zikaanza, Noeli ikapita. Nkambo akanifundisha yote ninayoyajua: kusoma mapovu juu ya maji na kujua ni nani anapumua, kupasua kambale mgongoni asikunjike kwenye moshi, kuni gani zinampa rangi ya dhahabu na zipi zinamfanya mchungu. Nilikuwa na furaha ya mchana. Jioni, mafiga yakiwashwa, nilikuwa nauangalia ule moto ambamo mfupa ulitupwa, najiuliza kama kuna namna ya kuutoa.

Mvua ikiwa katikati, baba akaja na baiskeli, amelowa mpaka kwenye mifupa. Akakaa, akaomba maji, akanywa. Halafu akatabasamu kama mtu aliyezuia tabasamu tangu Likasi.

"Mama yako amezaa," akaniambia. "Mwanaume. Bote wazima."

"Amezaa na nani?" nikauliza.

Baba akamwangalia mama yake. Nkambo alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Alipomaliza akanivuta karibu, na uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Siku ya kidimbwi," akasema, "pale pa kavu balikaa bantu babili. Weye uliona mumoja."

Nilikuwa nahesabu kurudi nyuma: mguu, nguo iliyovutwa mpaka vidoleni, tumbo lisilo zuri, mashimo ya barabara.

"Na kichwa?"

"Mwenye mimba hakule kambale. Angekataa, angefunga mukono yako. Angekula, angepoteza ule wake. Mie niliona atafanya nini, njo nikasimama."

"Alikuwa anakataa."

"Apana. Mukono yake ilikuwa imefika ku kinywa. Weye mwenyewe uliona. Alikuwa anakula, mutoto. Juu yako."

Kesho yake nilikaa nyuma ya baiskeli ya baba mpaka stesheni, tukapanda treni ya Likasi, na sikuuliza swali hata moja njia nzima. Baba alidhani nina homa.

Nyumbani mama alikuwa kitandani na kile kitoto, chekundu, kimekunja ngumi. Nilisimama mlangoni na matope yangu.

"Ingia, funga mulango," akasema. "Baridi itamupata."

Basi, hakuna kingine. Hakunikumbusha lori. Nilifua nepi wiki tatu bila kutumwa, vidole vikawa vyeupe. Shuleni nilirudi nikakuta wenzangu wameshanipita, nikasukuma mpaka mwisho wa darasa la tatu, nikatoka, sijuti. Siku moja, nikiwa ninaanika nguo, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Muguu tu, ulisema mbele ya bantu bote," akajibu. "Ningekuambia tumbo?"

Nikachukua nepi iliyofuata, nikaianika.

Miaka miwili baadaye tulikuwa tunatwanga sombe, kisamvu, yeye na mimi, michi inapokezana. Akaacha mchi wake ndani ya kinu. Akaangalia mlangoni.

"Niko na mutoto mu tumbo," akasema. "Baba yako hajue bado."

"Nani anajua?"

"Weye."

Akachukua mchi, akaendelea kutwanga. Hakuniambia nisiseme.

Miezi ile nilinyamaza, mimi ninayeongea mpaka na mbuzi. Nilinyamaza kwa baba mpaka mama alipomwambia mwenyewe. Nilinyamaza kanisani. Nilibeba ndoo zake zote nikisema napenda kubeba. Mpaka asubuhi moja foleni ya maji ilikuwa ndefu, na jirani mmoja mwenye macho makali akanisogelea, akainamisha kichwa kama rafiki.

"Wee mutoto, mama yako ananenepa vile. Siku hizi anakula nini?"

Nikaweka ndoo yangu chini ya bomba. Nikamwangalia machoni.

"Bukari," nikamwambia.